Wakili wa kununua nyumba Nakuru na Kisumu: pesa yako inalipia nini hasa

Wanunuzi wengi hupima huduma ya wakili kwa mkataba: umepigwa chapa vizuri, una mhuri, sahihi zimewekwa mbele yake. Hicho ni kipimo kibaya. Mkataba wa mauzo kila wakili anao kwenye kompyuta, hubadilisha majina na namba ya kiwanja tu. Unacholipia ni kazi inayofanywa kabla ya mkataba, na namna pesa zako zinavyoshikwa mpaka jina lako liingie kwenye daftari la ardhi. Kwa kipimo hicho, Nakuru na Kisumu kuna mawakili wazuri sana na wengine wa kukaa mbali nao, na wiki ya kwanza inatosha kuwatofautisha.

Wakili mzembe hukuletea karatasi moja ya uchunguzi rasmi kutoka ofisi ya ardhi na kukuambia "iko safi". Karatasi hiyo husema hali ya siku ile tu. Wakili makini huomba pia nakala ya kadi ya kijani, yaani daftari lenyewe la kiwanja, lenye sehemu tatu. Sehemu A ina ukubwa na namba ya ramani. Sehemu B ina kila mmiliki tangu usajili wa kwanza, kila mmoja na tarehe yake. Sehemu C ina rehani, mazuio na amri za mahakama. Ya kusomwa polepole ni B. Kiwanja kikikaa kwa jina la mzee mmoja tangu 1974, kisha kikapita mikononi mwa watu watatu ndani ya miezi minne, kila mstari unahitaji maelezo na nyaraka za kuuthibitisha. Na kama mzee huyo alikwisha kufariki wakati "anauza", basi aliyetia sahihi ni nani?

Zamani mnunuzi angeweza kujitetea kwamba alinunua kwa nia njema na hati anayo. Mnamo Aprili 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, ilisema hati pekee haitoshi: chanzo chake kikiwa na kasoro, mnunuzi wa mwisho naye hapati kitu. Kwa hiyo wakili asiyefuatilia historia ya kiwanja hajafanya kazi uliyomwajiri kuifanya, hata kama ada yake ni nafuu.

Upande wa Nakuru kuna jambo la kwao. Sehemu kubwa ya Bahati, Njoro, Rongai na Molo ilikuwa mashamba ya walowezi. Baada ya uhuru mengi yalinunuliwa na kampuni na vyama vya ushirika, na wanachama wakagawiwa kwa hisa na kwa kura. Mpaka leo watu huuziwa ploti kwa cheti cha hisa na kikaratasi cha kura. Hizo si hati miliki, na zinaweza kuuzwa mara tatu kwa watu watatu. Wakili anayeijua Nakuru hutafuta orodha ya wanachama na ramani ya mgawanyo, kisha huhakikisha kwamba jina la muuzaji ndilo lililopelekwa kwa msajili wa ardhi. Hilo lisipothibitika, ushauri sahihi ni kuacha ploti hiyo.

Kisumu, Siaya, Vihiga na Kakamega, tatizo kubwa ni marehemu. Shamba bado lina jina la babu, wajukuu wamegawana kwa mdomo, na mmoja anakuuzia ploti ya futi 50 kwa 100 kule Kajulu au Riat akiahidi kwamba "mirathi ikitoka tutakuhamishia". Sheria ya Urithi inakataza mtu kugusa mali ya marehemu bila idhini ya mahakama, na hata msimamizi aliyeteuliwa hawezi kuuza ardhi kabla ya hati ya usimamizi kuthibitishwa. Kuandikishana mbele ya chifu hakubadilishi hilo. Wapo mawakili wanaokubali kuandika "makubaliano ya muda" ya namna hii na kuchukua ada yao. Hapa hatupepesi maneno: hiyo ni huduma mbovu, kwa sababu wakili anajua mteja wake hanunui ardhi bali ananunua kesi.

Kuna pia bodi ya ardhi. Kiwanja kikiwa bado ni ardhi ya kilimo, hata kikiwa kidogo, lazima kiombewe kibali cha bodi ndani ya miezi 6 tangu mkataba, la sivyo mauzo ni batili kisheria. Na kama kimekatwa kutoka shamba kubwa, kuna kibali cha kugawanya kabla ya kibali cha kuhamisha. Mke au mume wa muuzaji naye atoe ridhaa ya maandishi ikiwa ni mali ya ndoa. Wakili akikuambia ridhaa ya mke ni jambo la kumalizia baadaye, mtafute mwingine.

Pesa. Kwa kawaida, chini ya masharti ya mauzo ya Chama cha Mawakili ya 2015, mnunuzi hutoa amana ya asilimia 10 na mauzo hukamilika ndani ya siku 90. Amana inapaswa kukaa katika akaunti ya wateja ya wakili wa muuzaji, ambaye huishika kwa niaba ya pande zote mbili. Isitumwe kwa M-Pesa ya muuzaji, wala ya broka. Salio hulindwa kwa ahadi ya kitaaluma: wakili wako humwandikia mwenzake kwamba litalipwa ndani ya siku kadhaa baada ya usajili, naye huachilia hati asilia na fomu ya uhamisho iliyotiwa sahihi. Wakili akivunja ahadi hiyo, Mahakama Kuu inaweza kumlazimisha kuitimiza. Broka hawezi kukupa ulinzi wa namna hiyo.

Ndiyo maana tabia ya pande mbili kutumia wakili mmoja, iliyoenea sana kwenye miji hii, hatuipendi. Inapunguza gharama, kweli. Lakini muuzaji akitaka amana itolewe mapema kabla ya vibali na vyeti vya uhamisho kupatikana, wakili huyo atamsikiliza nani?

Kuhusu gharama, mpigie hesabu mnunuzi wa nyumba ya shilingi 6,000,000 mjini Nakuru. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini, yaani 240,000. Mashambani ni asilimia 2. Lakini mthamini wa serikali akisema nyumba ni ya 7,000,000, ushuru huhesabiwa kwa hiyo kubwa, ukawa 280,000. Wakili asiyekuonya mapema kuhusu tofauti hiyo anakuacha ukihangaikia 40,000 wakati salio la nyumba linakusubiri. Ada ya wakili ina kiwango cha chini kilichowekwa kisheria mwaka 2014, na juu yake kuna VAT ya asilimia 16. Anayekutajia bei ya kutupa anavunja sheria ya taaluma yake mwenyewe. Dai makadirio ya maandishi yanayotenganisha ada, VAT, ushuru na gharama za ofisini.

Muuzaji naye ana mzigo wake. Tangu Januari 2023 kodi ya faida ya mtaji ni asilimia 15. Aliyenunua kwa 3,500,000 na kuuza kwa 6,000,000 ana faida ya 2,500,000, na kodi yake ni 375,000 kabla ya kuondoa gharama zinazokubalika kama ada ya wakili na ukarabati mkubwa wenye risiti. Wakili mzuri wa muuzaji huanza kutafuta risiti hizo siku ya kwanza. Ndipo pia anapoomba cheti cha kaunti cha kutodaiwa ada za ardhi, kwa sababu hicho ndicho huchelewesha mauzo mengi: malimbikizo ya miaka mingi huibuka wakati siku 90 zinakaribia kwisha.

Kwa ghorofa za Milimani, iwe ya Kisumu au ya Nakuru, uliza kama nyumba ina hati yake chini ya sheria ya 2020 ya mali zilizogawanywa vitengo. Pasipo hati hiyo unaweza kujikuta na mkataba wa kupanga wa muda mrefu tu.

Kuna mambo ambayo hata wakili bora hayaoni. Uchunguzi rasmi hauonyeshi maji. Mwariki kando ya Ziwa Nakuru na Kihoto kule Naivasha kuna nyumba zilizoingiliwa na ziwa. Hauonyeshi pia kama bikoni, yaani alama za mipaka, zimesogezwa. Kwa hilo lipa mpima ardhi aliyesajiliwa aje na ramani na akuonyeshe kona zote nne kabla hujatia sahihi.

Kabla ya kumlipa wakili, tafuta jina lake kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili uone kama ana leseni ya mwaka huu. Ofisi na kibao mlangoni havitoshi. Mkataba ukishatiwa sahihi, mwambie aweke zuio kwenye daftari la ardhi ili kiwanja kisiuzwe mara ya pili wakati mnasubiri vyeti. Wengi huliruka hili bila sababu. Na usajili ukikamilika, usichukue hati peke yake. Dai uchunguzi mpya unaoonyesha jina lako, risiti ya ushuru wa stempu, nakala ya mkataba na nakala ya fomu ya uhamisho iliyosajiliwa.