Remain in Light ya Talking Heads: uzoefu wangu na albamu iliyonibadilisha masikio

Albamu hii ya 1980 ya Talking Heads, kundi la roki la Marekani, ina nyimbo 8, jumla dakika 40 hivi, na karibu kila wimbo umejengwa juu ya kodi moja, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja. Kwa aliyezoea roki, ugeni wake uko hapo. Wimbo wa roki wa kawaida hukuonyesha njia kwa kubadilisha kodi: ubeti una zake, kiitikio kina zake, na sikio hujua kiitikio kinakuja hata kabla hakijafika. Katika albamu hii, chini ya wimbo hapabadiliki kitu. Besi huanza kuzunguka mapema na huzunguka palepale mpaka mwisho, huku juu yake sauti nyingine zikiingia na kutoka. Ukikaa unasubiri wimbo ufike mahali fulani, utachoka kabla ya wa kwanza kwisha. Ukiacha kusubiri, utaanza kusikia tabaka moja moja, nani ameingia na nani amenyamaza. Mimi tangu nianze kuisikiliza hivyo siwezi tena kusikiliza muziki wowote kwa kufuata sauti ya mwimbaji peke yake.

Sababu ya kusikika hivi ni namna ilivyorekodiwa. Kundi lilikuwa la watu wanne: David Byrne kwenye sauti na gitaa, Tina Weymouth kwenye besi, Chris Frantz kwenye dramu, na Jerry Harrison kwenye vinanda na gitaa. Prodyuza alikuwa Brian Eno, na kazi kubwa ilifanyika Compass Point, Nassau, visiwa vya Bahamas. Walikuwa wamemsikiliza sana Fela Kuti, mwanamuziki wa Nigeria, hasa albamu yake Afrodisiac, na walichochukua kwake ni mpango wa kazi: magitaa kadhaa, kila moja likirudia kifungu kifupi kwa muda mrefu, hakuna linalofanya kazi ya mwenzake. Mashine za kukata kipande cha sauti na kukirudisharudisha hazikuwa kitu cha kawaida wakati huo. Basi wanamuziki walipiga bila mpango, wakasikiliza upya, wakachagua kipande kilichokaa vizuri, kisha wakajifunza kukirudia kwa mkono dakika nzima nzima. Baada ya hapo wimbo ulipangwa kwenye meza ya kuchanganyia sauti, kwa kufungua na kufunga njia za sauti. Maneno ya Byrne yalikuja mwisho, muziki ukiwa umeshasimama.

Kwa kuwa kurudia huko ni kwa mkono, hakuna mizunguko miwili inayofanana kabisa. Chukua Crosseyed and Painless, wimbo wa pili. Weka ncha za vidole kwenye sanduku la spika na ufuate besi tu, dakika 4 na sekunde 48 zote. Utahisi kifungu kilekile kikigonga vidole, lakini mara noti moja imekuja na uzito zaidi, mara nyingine imeachiwa mapema kidogo. Tofauti ni ndogo sana, ila ndizo zinazofanya mwili ukubali kusikia jambo moja kwa dakika tano bila kuchoka. Kipande kile kile kikinakiliwa na mashine mara mia, vidole havitapata habari hiyo.

Kosa la kwanza la msikilizaji mpya ni kung'ang'ania maneno. Sikio la binadamu likisikia mtu anaongea humfuata, halina hiari. Na maneno ya albamu hii hayakupangwa kama hadithi. Mengi ni vipande vya hotuba, mahubiri, mtu anayebwata. Ukiyatafutia maana kwanza utakwama. Dawa yake ni mazoezi ya makusudi. Mara ya kwanza sikiliza upande wa kwanza wote wa santuri, nyimbo tatu, bila kazi yoyote. Mara ya pili chagua chombo kimoja kabla wimbo haujaanza, tuseme gitaa lile linalokwaruza kwa mdundo, na usiliache mpaka mwisho. Ukipotea, usirudishe nyuma: subiri mzunguko unaofuata, litapita tena. Mara ya tatu fuata kimya, yaani angalia ni sauti gani imetoka. Hatua hii ndiyo ngumu kuliko zote na ndiyo yenye faida kubwa, kwa sababu nguvu nyingi za albamu hii zinatokana na kitu kuondolewa.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote liko kwenye Once in a Lifetime, wimbo unaofungua upande wa pili. Eno na wanakundi hawakukubaliana pigo la kwanza liko wapi. Yeye alilisikia pigo la tatu la kundi kama la kwanza, na badala ya kusahihishana waliachia namna zote mbili ziishi ndani ya wimbo mmoja. Jaribu hivi: hesabu 1, 2, 3, 4 kwa mguu jinsi inavyokujia yenyewe. Baada ya mizunguko kama minane, ukiwa kwenye 3, ita hilo pigo 1 na uendelee. Besi ambayo ilionekana inaanza kifungu sasa itasikika kama inakimalizia. Ukiona hesabu mpya inateleza kurudi kwenye ya zamani, usidhani huna sikio. Dramu ndogo inayogonga kwenye 2 na 4 itabaki kwenye 2 na 4 hata ukisogeza hesabu kwa mapigo mawili, kwa hiyo haiwezi kukushika mkono. Shika sauti ya kinanda inayobubujika juu kama maji yanayochemka, maana haina pigo inaloliegemea, na hesabu yako itakaa.

The Great Curve, dakika 6 na sekunde 28, ndio wimbo wa kumpa mtu anayedai albamu hii haina moto. Sauti za waitikiaji, Nona Hendryx akiwamo, zimepangwa safu juu ya safu, kila safu na maneno yake na mahali pake pa kuanzia, na kuelekea mwisho zote zinakwenda pamoja. Huwezi kuzifuata zote kwa mpigo. Fuata moja, nyingine zitakufikia pembeni. Gitaa la Adrian Belew, mpigaji mgeni, linapiga solo mara mbili, na ninachokisikia mimi ni chuma kinachokunjwa zaidi ya nyuzi. Hata hivyo angalia: solo hizo hazisimamishi chochote. Katika roki nyingi kundi hujisogeza nyuma kumpisha mpiga solo. Hapa yeye ni tabaka mojawapo, anaingia, anatoka, gurudumu linaendelea.

Houses in Motion ina tarumbeta ya Jon Hassell iliyopitishwa kwenye mitambo mpaka inasikika kama mnyama mkubwa aliye mbali. Seen and Not Seen husemwa tu, hauimbwi, na ni mfupi. Listening Wind nauweka karibu na The Great Curve kwa ubora, ingawa ni wa taratibu: upepo wa vinanda, ngoma za mkono, na habari za mtu anayewapinga wageni walioingia kwao. The Overload, wa mwisho, ni dakika 6 za mngurumo mzito usio na mdundo wa kuchezeka. Wengi huuruka. Mimi siuruki, lakini nakiri kwamba upande wa pili hushuka mwendo wimbo baada ya wimbo, na aliyekuja kwa ajili ya nyimbo tatu za kwanza atahisi ameachwa njiani.

Sasa vifaa, maana albamu hii huharibika haraka kwa vifaa vibaya kuliko albamu nyingi. Waya mnene wa besi, ukiachiwa wazi, hutoa sauti ya takriban Hz 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Spika ya simu haiwezi kabisa kutoa sauti za chini hivyo. Unachokisikia ni mabaki ya juu ya noti ambayo ubongo unajaribu kuyajazia. Katika wimbo wenye kodi nyingi hasara hiyo huvumilika, kwa kuwa gitaa na mwimbaji hubeba wimbo. Hapa besi ndiyo sakafu yenyewe, na ikiondoka kinachobaki ni kelele za vitu vidogo visivyo na pa kusimama. Hedifoni za kawaida za waya zinatosha. Ukitumia spika mbili, ziweke mbali baina yao kama ulivyo mbali nazo wewe, mita 2 hivi kila upande wa pembetatu, kimo cha masikio, na uzitoe kwenye kona za chumba. Kona huongeza besi kwa uvimbe, na uvimbe huo hufunika magitaa ya katikati, ambayo ndiyo unayotaka kuyatenganisha. Kwa sababu hiyohiyo zima kitufe chochote cha kuongeza besi. Spika moja tu inayochanganya kulia na kushoto nayo ni hasara: sauti zilizowekwa mbalimbali zinarundikana mahali pamoja na kazi ya kuzitenga inakuwa ngumu mara mbili.

Kwenye santuri, upande wa kwanza ni dakika 17 na wa pili ni 23. Tofauti hiyo ina matokeo. Sindano ikiwa ukingoni husafiri kama sentimita 50 kwa sekunde juu ya santuri. Ikikaribia katikati husafiri 21 hivi, ingawa mizunguko ni ileile 33 na theluthi kwa dakika. Sauti kali za juu hubanwa kwenye nafasi ndogo, na sindano isiyokaa sawasawa huzikwaruza. Upande wa pili, kwa kuwa ni mrefu, unafika ndani zaidi. Kwa bahati nzuri wimbo ulioko huko ni The Overload, ambao hauna sauti kali nyingi, hivyo mkwaruzo hausikiki sana. Kinachosikika ni vumbi na mngurumo wa mota ya mashine yenyewe. Kabla ya kulaumu santuri, safisha sindano, panga kichwa chake kwa karatasi ya vipimo, na weka uzito aliotaja mtengenezaji wa sindano, ambao mara nyingi huwa karibu na gramu 2. Kupunguza uzito ukidhani unailinda santuri ni kosa: sindano nyepesi mno hurukaruka ndani ya mfereji na kuuchimba zaidi.

Kuhusu matoleo: lililotoka upya 2006 lina vipande vinne ambavyo havikumalizika, na diski yake ina pia mchanganyo wa spika sita uliosimamiwa na Harrison pamoja na E. T. Thorngren. Mchanganyo huo unatenga sauti vizuri sana na nauthamini kama kifaa cha kujifunzia, ila tabaka zikitawanywa chumba kizima zinapoteza ile hali ya kubanana na kusukumana. Kwa starehe narudi kwenye spika mbili. Kati ya vile vipande vinne, Right Start ndicho cha lazima. Ni Once in a Lifetime kabla haijawa wimbo: gurudumu lipo, maneno hayapo. Usikisikilize kwanza. Usikilize wimbo kamili mara kadhaa, kisha kipande hiki, na utajua ni kiasi gani cha ule wimbo kilikuwa ndani ya mdundo tangu mwanzo. Ukilinganisha toleo la zamani na jipya, sawazisha ukubwa wa sauti kwanza, kwa sababu lenye sauti kubwa huonekana bora hata kama si bora. Na kwenye huduma za mtandaoni zima kitufe cha kuvuruga mpangilio wa nyimbo (shuffle), na ukatishe baada ya wimbo wa nane, la sivyo vile vipande vitafuata moja kwa moja na kuharibu ukimya ambao The Overload inauacha.

Kasoro? Dramu zimerekodiwa kavu na nyembamba, na anayependa dramu kubwa za roki zenye mwangwi wa ukumbi ataziona dhaifu. Sauti ya Byrne ni ya mtu mwenye wasiwasi wakati wote, na si kila sikio litaivumilia. Pia si albamu ya kuwekea maongezi: kwa sauti ya chini tabaka zinaungana na kuwa mnong'ono mmoja unaochosha. Inahitaji sauti ya wastani kwenda juu, na mtu aliyekaa kitako.

Ukishaizoea, tafuta mambo mawili. La kwanza ni rekodi za maonyesho ya kundi hilo kuanzia Agosti 1980. Watu wanne hawakuweza kupiga tabaka zote jukwaani, wakaongeza wanamuziki mpaka wakafika tisa, akiwemo Bernie Worrell kwenye vinanda. Pale unasikia mikono halisi ikigawana kazi ambayo studioni ilifanywa kwa kurekodi juu ya rekodi. La pili ni albamu ya 2018 ya Angélique Kidjo, mwimbaji wa Benin, aliyezirudia nyimbo zote nane kwa mpangilio wake. Anza na The Great Curve yake, kisha urudi kwenye ile ya 1980 ukifuata waitikiaji tu.