Filimbi ya mpingo iliyopasuka kichwa: uzoefu wangu kwa fundi wa Ng'ambo

Kwa anayetafuta pa kupeleka filimbi ya mbao hapa Unguja: fundi yupo, na kazi yake nimeiona kwa macho na kwa masikio. Yuko Ng'ambo, upande wa Mwembetanga, ndani ya karakana ya masanduku na milango. Usitafute kibao kinachosema anatengeneza ala, hakipo. Riziki yake kubwa ni kukereza miguu ya vitanda na nguzo za ngazi, lakini chini ya meza ana kasha limejaa filimbi za watu, na zumari moja iliyoletwa kutoka Pemba. Mimi nilimpelekea kazi mbili: filimbi yangu iliyopasuka, na oda ya filimbi ndogo za wanafunzi. Ya kwanza naisifu bila kusita. Ya pili nina maneno nayo.

Filimbi yangu ni ile ya kupuliza kwa ubavu, ya mpingo, matundu sita, haina funguo hata mmoja. Wenzangu huniuliza kwa nini sinunui ya chuma kama watu wa bendi. Sababu ni taarab. Nafasi ninayoijaza kwenye kikundi ni ya nai, filimbi ya tete ya Kiarabu, na nai huteleza baina ya sauti na sauti. Ukipiga bashrafu, yaani kipande cha ala tupu bila uimbaji, ya maqam (mpangilio wa sauti wa Kiarabu) ya Rasti au Bayati unahitaji robo sauti, ile iliyo katikati ya sauti mbili za karibu, na kwenye tundu la wazi unaipata kwa kuliziba nusu kwa kidole. Funguo zinazofunika matundu hazikupi nafasi hiyo kwa urahisi. Nai ya tete ninayo pia, lakini tete ni chakula cha fukusi, na kila mwaka unaomba Mungu usiikute imekuwa unga. Mpingo fukusi hawauwezi. Ni mbao nzito kiasi kwamba ukiitia majini inazama.

Lakini mpingo una adui wake, naye si joto la Zanzibar wala hewa ya bahari kama wengi wanavyodhani. Ni kiyoyozi. Ala za kikundi zilikuwa zinahifadhiwa kwenye ofisi ya watu yenye kiyoyozi kinachowashwa mchana kutwa, na filimbi ikakaa humo kaskazi yote. Kichwa chake kimevishwa bomba la shaba kwa ndani, kama zilivyo filimbi nyingi za mtindo wa zamani wa Uingereza. Mbao ikikauka husinyaa, shaba haisinyai. Mbao inazidi kulibana bomba, na pale isipokuwa na pa kwenda, inapasuka. Ufa ulianzia kwenye ungio, pale kichwa kinapoungana na mwili, ukapanda hadi karibu na tundu la mdomo. Sauti za juu zilikuwa bado zinatoka, lakini sauti ya chini kabisa ikawa pumzi tupu.

Kabla ya kufika Mwembetanga nilipita kwa fundi mwingine, simtaji. Yeye aliutazama ufa, akasema atachanganya gundi na unga wa mbao, aujaze, apige vanishi juu, nikachukue jioni. Bei yake ilikuwa ndogo. Nilishukuru, nikaondoka nayo.

Huyu wa Ng'ambo hakugusa chombo chochote. Aliipokea, akainusa ndani, akauliza:

"Inalala wapi hii?"

"Ofisini, Mzee."

"Kuna mashine ya baridi?"

"Ipo."

"Basi imekauka, mwanangu. Nikiujaza ufa leo, masika ikifika mbao itavimba, na ile gundi yangu itakuwa kabari. Itaupasua mpaka mdomoni. Niachie ikae."

Kwa maneno hayo tu nilijua nimefika. Alichokifanya baadaye ni hiki, nakieleza kwa kirefu kwa sababu ndicho kinachomtofautisha. Aliweka kichwa cha filimbi ndani ya bakuli la plastiki lenye mfuniko, pamoja na kitambaa kibichi kilichokamuliwa, kitambaa kisiguse mbao. Akawa anafungua na kufunika, anakitazama. Mbao ilipokunywa unyevu, ufa ulijifunga wenyewe hadi ukabaki mstari mwembamba kama unywele. Hapo akalitoa bomba la shaba, kwa kulipasha moto kidogo ili gundi ya zamani ilegee, na akalipanua tundu la ndani la mbao kwa msasa uliozungushiwa kijiti, kidogo kidogo, mpaka bomba likaingia bila kusukumwa. Hii ndiyo dawa yenyewe, maana ukiziba ufa na kuacha bomba linabana, utapasuka mwingine pembeni yake.

Baada ya hapo ndipo akaziba. Alikizungushia kichwa utepe wa mpira uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli, ukakaza vizuri, akatia supaglu nyepesi ambayo inaingia yenyewe kwenye ufa, kisha vumbi la mpingo alilokusanya kwenye meza yake. Vifaa ni vilevile alivyotaja yule fundi wa kwanza, gundi na unga wa mbao. Tofauti ni kwamba huyu alingoja ufa ujifunge kwanza. Akasugua kwa msasa laini wa maji, na leo ukinipa filimbi usiku chini ya taa sitakuonesha ufa ulikuwa wapi. Vanishi hakupiga. Alisema mbao inapulizwa kila siku, iachiwe njia ya kupumua.

Kwenye ungio aliondoa kizibo cha zamani, ule utepe wa koki unaozungushwa ili kichwa kikae imara, kilichokuwa kimekauka na kukatika, akafunga uzi wa pamba uliopakwa nta, raundi juu ya raundi. Uzi nimeupenda kuliko kizibo. Masika mbao ikivimba unafungua raundi mbili tatu mwenyewe nyumbani, kaskazi ikilegea unaongeza.

Kisha akaipima. Aliziba mwisho wa chini kwa kiganja, matundu yote kwa vidole, akanyonya hewa. Ikang'ang'ania mdomoni. Kama kuna mahali panavuja, haishiki. Nimewahi kununua filimbi mpya dukani ambayo haikufaulu jaribio hilo.

Kitu kimoja hakukijua, na nilifurahi kwamba alikubali kuoneshwa: kizibo cha ndani, kilicho juu ya tundu la mdomo. Wakati wa kusafisha alikirudisha kikiwa kimesogea, na sauti za juu zikawa haziendani na za chini. Kwenye filimbi ya aina hii kizibo hukaa kiasi cha milimita 19 kutoka katikati ya tundu la mdomo, karibu sawa na upana wa bomba lenyewe. Tulikisogeza pamoja, nikipuliza naye akisukuma kwa kijiti, mpaka sauti ya chini na mwenzake wa juu zikakutana. Alipiga alama kwenye kijiti ili asisahau. Fundi wa umri wake anayekubali jambo kutoka kwa mtu anayeweza kuwa mwanawe, mimi namheshimu sana.

Sasa filimbi za wanafunzi. Hizi ni zile ndogo za kupuliza kwa ncha: mdomoni kuna kizibo cha mbao kinachoacha mwanya mwembamba, pumzi inapita humo na kugonga ukingo uliochongwa mkali. Alizikereza kwa vipande vya mninga vilivyobaki kwenye kazi za milango, na kwa sura ni nzuri mno, watoto walizigombania. Ila ya mwanzo aliyatoboa matundu kwa umbali sawa, kwa uzuri wa macho, na haikupiga sauti yoyote sahihi. Ilibidi nimletee filimbi ya mfano, akapima kila kitu, ndipo tukakaa na simu yenye programu ya kupimia sauti. Mwenye kuagiza kwake ajue hili: lazima uwepo mwenyewe. Tundu linaanza dogo, halafu linapanuliwa kwa tupa ndogo ya mviringo, maana ukilipanua sauti hupanda. Ukipitiliza, unarudi chini kwa kutia nta pembeni mwa tundu. Na msipimie chumba cha baridi. Hewa ya ndani ikitoka nyuzi 20 kufika nyuzi 30, filimbi iliyokuwa inapiga 440 (mitetemo kwa sekunde) hupanda karibu na 447, na mpiga ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi, atakukazia macho ukumbi mzima.

Udhaifu mkubwa ni vizibo. Alivitengeneza kwa mninga uleule. Ulaya vizibo vya filimbi za aina hii kwa kawaida huwa vya mwerezi, kwa sababu unakunywa mate bila kuvimba sana. Hivi vya kwetu vikilowa mwanya unabana, na baada ya nyimbo chache baadhi ya filimbi zinakuwa na sauti ya kukoroma. Amezichukua nyingine akazipunguza, zikatulia, si zote. Kwa watoto wanaoanza zinafaa. Kwa jukwaani bado.

Kuhusu utunzaji, amenipa maelekezo ambayo sikuyapata nilikoinunua filimbi. Mafuta ni ya lozi, safi, yapo Darajani kwa wauza dawa za asili. Si ya nazi: usiku wa kusi huganda, na yakikaa huchacha, filimbi ikanuka. Pakaza kidogo ndani ya mbao, iache ilale, asubuhi futa yaliyobaki. Filimbi za kizibo usipake mafuta kwenye kizibo wala kwenye mwanya, mate yatakusanyika matone matone na kuziba njia. Ukimaliza kupiga pitisha kitambaa ndani kabla hujaifungia mfukoni.

Hapa kwetu waimbaji na wapigaji hawajapungua. Vikundi vya taarab Ikhwani Safaa wapo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958, na chuo cha muziki cha nchi za jahazi (DCMA) kilichofunguliwa 2002 kimetoa vijana wengi. Mafundi wa ala ndio wanaohesabika, na wa ala za kupuliza ni wachache zaidi. Kwa hiyo naomba sana, tusiende kwake na tabia ya kubishana bei mpaka mtu anakata tamaa. Kichwa nililipa shilingi 60,000, na filimbi ndogo 15,000 kila moja. Risiti hatoi, na tarehe akikupa iongeze, hasa Ramadhani inapokaribia maana watu wote wanataka milango na vitanda kabla ya Sikukuu.

Ukienda, nenda baada ya alasiri, kelele za msumeno zikiwa zimepungua. Peleka filimbi nzima, si kipande kilichovunjika peke yake, kwa sababu atataka kuisikia. Na mpelekee barakoa za vumbi. Vumbi la mpingo linawasha ngozi na kubana kifua, naye anajifunga kitambaa tu.