Starfleet: jeshi au watafiti?

Vijiweni Sinza ubishi huu hauishi: Starfleet, kikosi cha meli za angani katika tamthilia ya kubuni ya Star Trek, ni jeshi au ni watafiti? Wanaosema ni watafiti wana hoja moja nzito: katika kipindi kimoja cha Star Trek: The Next Generation cha 1989, Picard, kapteni wa meli ya Enterprise, anatamka wazi kwamba Starfleet si jeshi, kazi yake ni uchunguzi. Sawa, ila anayasema hayo meli yake ikijiandaa kwa mazoezi ya kivita!

Sasa geukia upande wa pili. Vyeo kutoka luteni hadi admirali, mahakama ya kijeshi, makombora, na vita na Dominion (dola adui katika tamthilia hiyo) ilipozuka, Starfleet ndio waliokuwa mstari wa mbele. Meli ya kuchunguza samaki ikitia nanga bandarini Dar haina mambo hayo. Manowari za Kigamboni zinayo. Maabara za Enterprise ni nyingi, kweli. Mimi nasema ni jeshi linalofanya utafiti, na Picard (namheshimu sana) alikuwa anajitetea tu.