Unga wa oksidi ya grafini: niliununua, ukatuama kama majani ya chai

Nianze na hukumu: huu unga wa oksidi ya grafini (grafiti, madini ya kaboni ya kwenye penseli, iliyotiwa oksijeni hadi tabaka zake zikaachana kuwa karatasi nyembamba mno), gramu moja niliyoiagiza mtandaoni, sitaurudia. Jina la duka naliacha, maana wanaouza unga wa namna hii ni wengi na lebo zao zinafanana kama mapacha.

Kifurushi kilifika Dar es Salaam baada ya wiki tatu. Afisa wa forodha alikifungua, akautazama ule unga mweusi, akaniuliza, "Dada, hii ni baruti?" Nikamwambia ni grafiti iliyochomwa na asidi. Hakuridhika sana, ila aliniachia. (Halafu grafiti yenyewe ipo Mahenge! Tunaagiza ng'ambo kitu ambacho malighafi yake iko Morogoro.)

Nilikuwa nautaka kwa kazi ya kunyonya rangi kwenye maji machafu ya batiki. Nikapima miligramu 50, nikatia kwenye mililita 100 za maji safi ya maabara, nikaweka kwenye bafu la mawimbi ya sauti, linalotikisa karatasi zitawanyike, kwa saa nzima. Yalitoka maji meusi, yakanipa matumaini. Asubuhi nakuta maji meupe juu, unga wote umelala chini ya bika, kile chombo cha kioo cha maabara. Oksidi ya grafini iliyotengenezwa vizuri hailali hivyo. Ina oksijeni nyingi mgongoni na pembeni, inapenda maji, na ukiichanganya hukaa imeelea siku nyingi.

Rangi ilitakiwa kunishtua mapema. Oksidi nzuri ni ya kahawia, ukiiongezea maji inafanana na chai ya rangi. Ikiwa nyeusi tii, ama haikuoksidishwa ikaiva, ama ilikaushwa kwenye joto kali ikapoteza oksijeni, karatasi zake zikashikana tena. Nikaomba kupimiwa kwa eksirei: mionzi inarudi kwa pembe fulani, na kilele kwenye grafu kinaonyesha tabaka zimeachana kiasi gani. Kilele cha pembe ya nyuzi 11, kinachoonyesha tabaka zimeachana kwa takriban nanomita 0.8, kilikuwa kijilima tu. Kile cha nyuzi 26.5, cha grafiti mbichi yenye nafasi ya nanomita 0.335, kimesimama kama mnara. Yaani nimeuziwa grafiti iliyoonjeshwa asidi.

Nikawaandikia wauzaji: mmetumia njia gani? Jibu likaja: "njia ya kisasa." Basi.

Na njia ndiyo bidhaa yenyewe. Mkemia Brodie mwaka 1859 alitumia klorati ya potasiamu na asidi ya naitriki, kazi ya hatari. Hummers na Offeman mwaka 1958 wakaja na asidi ya salfuri, nitrati ya sodiamu na pamanganeti ya potasiamu. Inakwenda haraka, lakini ile nitrati hutoa gesi ya sumu. Mwaka 2010 kundi la mkemia James Tour, chuo cha Rice, Marekani, likaitoa nitrati, likachanganya asidi ya salfuri na ya fosforasi kwa uwiano wa 9 kwa 1, likaongeza pamanganeti na kuacha mchanganyiko kwenye joto la nyuzi 50 za Selsiasi kwa saa 12; hiyo ndiyo Hummers iliyoboreshwa. Hiyo hutoa oksidi inayopenda maji zaidi. Mtu akipunguza pamanganeti au akiharakisha saa ili aokoe hela, ndipo unapopata unga kama wangu.

Kuna na kuosha. Mwisho wa kazi unatia haidrojeni peroksaidi, mchanganyiko unageuka manjano, kisha unaosha kwa asidi ya haidrokloriki kuondoa manganisi, ile metali iliyotoka kwenye pamanganeti. Jinsi asidi inavyopungua, oksidi inavimba, inakuwa ute unaogoma kushuka hata kwenye sentrifuji, mashine inayozungusha kwa kasi ili vitu vizito vitue chini. Mwenye haraka anaishia hapo, na manganisi iliyobaki inakuharibia vipimo vyako bila wewe kujua.

Mara ya pili nilinunua kwa muuzaji mwingine uji ambao haujakaushwa kabisa, miligramu 4 kwa mililita. Lebo imetaja Hummers iliyoboreshwa, idadi ya maosho, hata ukubwa wa karatasi. Nikaupunguza makali kwa maji: kahawia safi. Baada ya siku tisa bado umeelea. Nikadondoshea methilini bluu, rangi ya majaribio, nikatikisa, nikazungusha kwenye sentrifuji, maji yakabaki karibu meupe. Sikuuweka kwenye mawimbi ya sauti zaidi ya dakika kumi, kwa sababu ukizidisha unazikatakata karatasi zikawa makombo.

Ubaya wake ni bei: usafiri unalipia maji. Na usijaribu kuukausha kwenye oveni ili upate unga. Utajirudishia shida ileile niliyoikimbia.

Unga nyota moja, uji nyota nne. Ya tano nimeikata kwa sababu ya kifuniko. Kilivuja njiani kutoka posta, na begi langu la laptopu lina doa la kahawia mpaka leo.