Nilinunua hundi ya Ava Gardner mnadani: nilichopata na kilichonikera

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza kila mtu aniulizalo. Mnadi alipogonga nyundo, hundi hiyo yenye sahihi ya Ava Gardner, mwigizaji wa Hollywood wa zamani, ilikuwa imefika dola 220, nami nikajiona mjanja. Kisha ikaja ada ya mnunuzi, ile nyumba ya mnada huongeza juu ya bei ya nyundo: asilimia 25, yaani dola 55. Posta na bima, dola 68. Ilipotua Mombasa, VAT ya asilimia 16. Ada ya mnunuzi haimwachi mtu: vile viatu vyekundu vya filamu ya The Wizard of Oz viligongewa nyundo kwa dola milioni 28 Desemba 2024, na mnunuzi akalipa milioni 32.5. Kwa hiyo ukipanga bajeti, panga na ada.

Kwa nini Ava? Mamangu alikulia picha za Kihindi, enzi za sinema za Regal na Naaz hapa Mombasa, na lau ningepata kitu cha Nargis, nyota wa picha hizo, ningekinunua kwanza. Lakini mavazi yake yaliyokuwa yamehifadhiwa RK Studio, studio ya filamu ya Mumbai, yaliteketea kwa moto Septemba 2017. Ava naye alifika Kenya mwenyewe kuigiza filamu ya Mogambo, iliyotoka 1953, pamoja na Clark Gable na Grace Kelly. Kwangu hiyo ilitosha.

Niliitaka hundi, sikutaka picha yenye sahihi. Picha nyingi walizotumiwa mashabiki wa zamani zilitiwa sahihi na makarani wa studio. Za Jean Harlow, nyota mwingine wa Hollywood, mamake ndiye aliyeketi na kalamu. Hundi ni ya kulipia bili. Sahihi isipokuwa yako, benki haitoi pesa.

Pale Posta Kuu, Digo Road, karani wa forodha aliifungua bahasha mbele yangu, akaigeuzageuza hundi, akaniangalia.

"Hii wataka kwenda kuichukulia pesa?"

Nikamwonyesha vitundu vilivyotobolewa na benki na muhuri wa nyuma: ilishalipwa kabla sijazaliwa. Akacheka, akaniandikia kodi. Wino wa buluu umekolea mwanzo wa jina na kufifia mwishoni, kama kwamba kalamu ilikuwa ikimwishia. Ufungaji nausifu: kadibodi mbili ngumu, plastiki safi katikati, hakuna kona iliyokunjika.

Sasa kero. Mnada huohuo, na kichwa kishapata moto, nikaongeza kitambaa cha mkono chenye herufi A.G. zilizotariziwa, dola 90. Kilikuja na cheti kizuri, karatasi nzito, muhuri wa rangi ya dhahabu. Kukisoma vizuri, aliyekiandika ni muuzaji mwenyewe. Hakuna picha ya Ava akiwa nacho, hakuna barua, wala orodha ya vitu vyake vya nyumbani. A.G. ni herufi mbili tu; fundi yeyote wa Biashara Street angekutarizia ukimsubiri. Mama alikishika kwa vidole viwili. "Mwanangu, pesa hizi ungeninunulia leso doti ngapi?"

Nikawaandikia nyumba ya mnada. Siku tisa kimya, kisha jibu: malalamiko hupokelewa ndani ya siku 30 tangu siku ya mnada. Kifurushi kilichukua wiki tano kunifikia! Kifungu kipo katika masharti yao, sikatai, nilikipita bila kukisoma. Lakini nyumba ya mnada inayouza hadi Afrika ingepaswa kuhesabu siku tangu mzigo umfikie mtu.

Jambo moja hawakuniambia, na wao wangejuaje: nyumba yetu ya Mji wa Kale ina kuta za matumbawe zinazotoa jasho la chumvi. Karatasi ukiitundika ukutani hapa, inaota ukungu. Fundi wa fremu alikuwa keshafungua kopo la gundi aibandike hundi kwenye mbao; nilimshika mkono. Iko kabatini sasa, kwenye boksi lenye kifuniko, pamoja na vile vipakiti vya punje za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, na mimi huvibadilisha kila baada ya miezi miwili. Jua haioni.

Nyota tatu kati ya tano. Mnada mwingine nitaingia, kwa karatasi tu. Kitambaa anacho Mama, anafutia miwani.