Matairi Tulivu kwa Madereva wa Mombasa: Yapi Yanunuliwe Kwanza

Gari likishapita Mariakani na kushika mwendo wa kilomita 80 kwa saa kuelekea Voi, kelele nyingi inayosikika ndani haitoki kwenye injini bali kwenye matairi, yaani hewa inayobanwa na kuachiliwa kati ya meno ya mpira, pamoja na mtetemo unaopanda kupitia rimu hadi kwenye bodi. Mwenye fedha za kununua kitu kimoja tu asianze na vibandiko vya kuzuia sauti milangoni; anunue matairi.

Nafasi ya kwanza nayapa matairi mapya ya lami yaliyoundwa kwa ajili ya utulivu, kama vile Michelin Primacy au Yokohama Advan dB. Bei yake ni ya juu, lakini kwa msafiri wa mara kwa mara naamini yanastahili.

Ya pili ni matairi mapya ya kawaida, mradi yawe ya kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Usiongeze upana kwa ajili ya sura, kwa kuwa tairi pana huvuma zaidi, na ubavu mfupi huingiza kila shimo ndani ya gari.

Matairi yenye sponji ndani hupunguza vizuri mvumo wa hewa iliyomo ndani ya tairi, ila nimeyashusha hadi nafasi ya tatu kwa sababu ikitokea pancha, fundi hulazimika kuiondoa sponji mahali hapo kabla ya kubandika kiraka.

Mtumba ni wa nne, na hapa ndipo penye kuhitaji macho. Soma ubavuni tarakimu nne zinazofunga mstari unaoanza na herufi DOT, ambazo ni tarehe ya kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira hukakamaa kwa umri, na jua la Pwani huharakisha jambo hilo, hivyo tairi kuukuu hupiga kelele hata kama meno yake yangali marefu. Kisha pitisha kiganja juu ya meno, kwenda na kurudi. Ukihisi ulaini upande mmoja na makali ya msumeno upande wa pili, liache, kwani limelika vibaya na litavuma.

Matairi ya matope yanashika mkia, isipokuwa kwa mwenye shamba lisilofikika kwa lami.

Kabla ya kulipa, sikiliza gari lako: mvumo ukibadilika unapopinda, shuku beringi ya gurudumu, ambayo matairi mapya hayataiponya. Na matairi yakishafungwa, fanya alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, siku hiyo hiyo.