Unataka picha iwe kama imechorwa kwa brashi? Hizi hapa programu, kuanzia ninayoipenda zaidi

Watu wengi wanataka picha ya harusi au ya bibi igeuzwe mchoro wa rangi za mafuta ichapwe kwenye kanvasi ikae sebuleni, sasa wanalipia apu ya kwanza wanayoiona. Kabla hujatoa hela angalia vitu viwili tu, picha inatoka na pikseli ngapi na sura ya mtu inabaki vipi. Saizi ya A3 ikichapwa kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) inataka pikseli 3508 kwa 4961, ikiwa chini sana ya hapo brashi zote zinageuka ukungu.

Namba moja ni GIMP, programu ya kuhariri picha kwenye kompyuta, uiongezee na G'MIC, ambayo ni mkusanyiko wa filta za ziada. Bure kabisa, haili bando ukishaidownload, na haikupunguzii ukubwa wa picha. Ndani ya GIMP yenyewe kuna filta ya GIMPressionist, unachagua brashi, saizi yake na ielekee wapi. Fanya hivi: weka nakala mbili za picha, moja juu ya nyingine (ndo leya), leya ya chini ipige brashi kubwa, ya juu ndogo, halafu hiyo ya juu ifute kote ibakize uso na mikono. Aaron Hertzmann, mtafiti wa michoro ya kompyuta, alishaonyesha hii mwaka 1998, kompyuta ianze na brashi kubwa kisha ndogo zije pale tu penye vitu vidogo vidogo, na kweli macho yanabaki macho ya huyo huyo mtu, bibi anajulikana ni yeye.

Huna muda wa kujifunza? Chukua FotoSketcher, nayo bure ila ni ya Windows tu.

Ya tatu Corel Painter, ipo tangu 1991, ni ya kulipia na bei si ndogo. Kama unafanya biashara na una kalamu ya kuchorea kwenye kompyuta, nunua tu, maana rangi inachukua kwenye picha ila mkono unakuwa wako mwenyewe.

Photoshop ina filta ya Oil Paint, lakini usilipie kila mwezi kwa ajili ya hiyo filta peke yake, inasokota kila mahali sawasawa mpaka nywele zinakuwa tambi.

Mwisho apu za simu kama Prisma, iliyotoka 2016. Kwa status ziko poa sana, kwa kanvasi sevu moja kwanza uangalie pikseli zake ndo ulipie.

Na yoyote utakayochukua, picha iliyopitia WhatsApp kawaida usiitumie, imeshabanwa, mwambie mwenyewe akutumie kama dokumenti.